U Hali Gani, Maji?

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakuwahi kukaa kijiji hiki cha Wasakha, kando ya mto Lena,
ambapo Tuyaara aliteleza kizingitini na ndoo,
akatukana kidogo, akaingia ndani kuvaa glavu,
akarudi na koleo
akayazoa yote.

Nyuzi arobaini na tano chini ya sifuri.
Zebaki ya kipimajoto cha ukutani imeganda,
imekuwa kipande cha risasi kisicho na habari.
Pumzi ikitoka kinywani inageuka chenga za barafu,
inashuka begani ikichakacha
kama mchele kwenye ungo.

Na shuka.
Aliianika Jumapili ikifuka mvuke mikononi mwake;
kabla hajabana kibanio cha pili ilishakakamaa,
mlango usio na nyumba.
Jumatano aliikuta laini, kavu,
na theluji chini yake haina alama ya tone hata moja.
Maji yalikuwa yamepanda hewani kutoka kwenye ugumu wao,
bila kulegea kwanza, bila kuchuruzika, bila kwaheri.
Hivyo ndivyo Dyulustaan alivyoondoka mwezi wa Aprili:
asubuhi ananoa msumeno, adhuhuri hayupo.

Msumeno ule ndio uliokata barafu ya kunywa,
mapande ya samawati, kila moja zito kama ndama,
yakasimama juu ya mto yameegemeana.
Yote yalinyweka. Moja likabaki pishini,
ndani ya ardhi isiyojua kuyeyuka.
Tuyaara hakuligusa.
Alinunua ya jirani.

Ila Julai kuta za pishi zilitoka jasho.
Ilipofika Septemba pande limeliwa kingo zake,
kama sabuni iliyosahauliwa bafuni.

Basi leo kalifunga kwenye sleji,
kalivuta hadi darasa la saba.

"Maji, u hali gani?" Ndivyo anavyoanza kila somo.
"Yabisi!" wanaitikia wa mbele.
"Kimiminika!"
"Gesi!" na nyuma kule mtu anacheka, kama kawaida.
Mtalimbo. Vipande sufuriani. Jiko la umeme,
kipimajoto cha spiriti, na Kunei wa kusoma namba.

Sifuri.
Sifuri.
Dakika ya nane: sifuri.
"Jiko bovu, mwalimu."
"Sogeza mkono." Akasogeza, akauondoa upesi.
"Moto unaingia wote. Namba haipandi
kwa kuwa moto una kazi nyingine kwanza:
chembe zimeshikana mikono humo,
moja moja, lazima ziachanishwe.
Kazi hiyo haionekani. Haina namba."
Alisema hayo akiutazama ubao,
chaki mkononi, haandiki.

Miezi minane sasa wanamwuliza dukani, posta, njiani:
u hali gani, Tuyaara?
Naye hujibu: vilevile.
Wakaanza kuamini ni jiwe.

Kipande cha mwisho, chembamba kama ukucha,
kikazunguka mara moja, kikatoweka.
"Moja!" Kunei akapiga kelele. "Mbili! Mwalimu, inapanda!"

Wakapika chai.
Kwao, moto hulishwa kabla ya watu;
kuni hakuna, akalidondoshea bamba la umeme kijiko kimoja,
likajibu: psss.
Chai ilikuwa na ladha ya mto
na, kwa mbali sana, ya chuma.
Labda ni sufuria.

Mvuke ukapanda, ukagonga kioo cha dirisha,
ukashikwa hapo hapo, ukawa manyoya, miiba, majani
ya miti ambayo haioti popote.
Kunei akakwangua kitobo kwa kucha, akachungulia.
Saa tisa alasiri, na nje tayari kulikuwa kunaingia giza.

"Nani ana kikombe kitupu?" aliuliza Tuyaara.